Namna ya Kuchagua Ufundi katika Gemu za Mtandaoni Zinazoweka Mipaka ya Ubobezi

Anayeanza gemu ya mtandaoni yenye ulimwengu mpana hukutana na swali la ufundi mapema sana, mara nyingi kabla hajaizoea hata ramani ya mji wa kwanza. Mwalimu wa uhunzi amesimama kando ya tanuru, ada ya kujifunza ni sarafu chache, na kitufe cha kukubali hubonyezwa bila kufikiri. Siku anapotaka kujifunza ushonaji, gemu humjibu kwamba nafasi zake zimejaa na hawezi kuongeza fani nyingine mpaka aache mojawapo ya zile alizonazo.

Wengi huuchukulia mpaka huo kuwa kero iliyowekwa ili kurefusha mchezo. Mimi nauona kuwa ndio uti wa mgongo wa biashara nzima ya ufundi, kwa sababu ndio unaoamua nani atakuhitaji, wewe utamhitaji nani, na kazi yako itauzika kwa bei gani. Anayechagua fani kwa kutazama tu vifaa vinavyopendeza huwa ameruka hatua ya kwanza, ambayo ni kuuchunguza mpaka wenyewe na kujua umejengwa kwa namna gani.

Chunguza kwanza namna ya kizuizi

Kizuizi kilicho wazi zaidi ni cha idadi. Katika World of Warcraft, gemu iliyotoka Novemba 2004, kila mhusika huruhusiwa fani kuu mbili tu, ilhali upishi na uvuvi ni fani za pembeni ambazo yeyote anaweza kujifunza bila kupunguziwa nafasi. Jambo ambalo wageni hulisahau ni kwamba uchimbaji wa madini, uchumaji wa mitishamba na uchunaji wa ngozi nazo huhesabiwa miongoni mwa zile mbili, hivyo mhunzi anayetaka kujichimbia madini yake mwenyewe amekwisha kujaza nafasi zote. Katika miaka ya mwanzo mgawanyo uliendelea hata ndani ya fani: mhunzi alitakiwa kuchagua kati ya silaha na deraya, na aliyechagua silaha aliweza kuzama zaidi akabobea katika panga, mashoka au nyundo.

Idadi ileile inaweza kuwa na uzito tofauti kabisa mahali pengine. Guild Wars 2, iliyotoka Agosti 2012, nayo huanza na fani mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja kwa kila mhusika, lakini ukiiweka fani kando kiwango chako hakifutwi. Unaporudi unalipa ada inayopanda kulingana na kiwango ulichofikia, kisha unaendelea pale ulipoachia. Katika World of Warcraft, kwa miaka mingi aliyeiacha fani alipoteza kiwango chote na resipi zote alizokusanya, yaani maelekezo ya kutengeneza vifaa, na akirudi alianza sifuri. Kwa hiyo maneno "fani mbili" peke yake hayakwambii lolote la maana mpaka ujue gharama ya kubadili. Pale ambapo gharama ni ndogo, jaribu fani uipendayo leo na ubadili kesho. Pale ambapo ni kubwa, usijifunze chochote siku ya kwanza zaidi ya kukusanya malighafi.

Namna ya pili ni ya alama zinazogawanywa. Ultima Online ya mwaka 1997 ilimpa mhusika jumla ya alama 700 za ustadi, na kila stadi ilifikia kilele kwenye 100, yaani stadi saba kamili na si zaidi, ingawa baadaye kikomo hicho kiliongezwa. Uhunzi na upiganaji vilikula kutoka chungu kimoja, na aliyetaka kufua panga bora alilazimika kuutoa sadaka uchawi au upinde. Star Wars Galaxies, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kufungwa Desemba 2011, ilienda mbali zaidi: alama 250 kwa fani zote za vita na za ufundi, na kwa kawaida mhusika mmoja tu kwa kila seva, yaani kila nakala ya ulimwengu wa gemu. Fundi wa silaha aliyeikamilisha fani yake alibaki na alama pungufu za kupigania, lakini jina lake lilijulikana seva nzima, na wapiganaji walisafiri hadi dukani kwake. Gemu hiyo haichezeki tena rasmi, ila sijaona mfano bora wa jinsi kikomo kikali kinavyomjengea fundi heshima.

Halafu ipo namna ambayo haina katazo lolote ila muda. Katika EVE Online, iliyoanza Mei 2003, hakuna stadi iliyopigwa marufuku kwa mhusika yeyote wa akaunti ya kulipia. Stadi hujifunzwa kwa saa halisi za ukutani, hata mchezaji akiwa amelala, na kila unachojifunza leo kinachelewesha kingine. Juu ya hilo kuna nafasi za uzalishaji: mhusika huanza na kazi moja ya kiwandani, na kwa kupandisha stadi mbili husika hadi mwisho hufikia kazi 11 kwa wakati mmoja. The Elder Scrolls Online nayo humruhusu mhusika mmoja kujifunza fani zote, lakini utafiti wa sifa za kila aina ya kifaa huanza kwa saa 6 kwa sifa ya kwanza, kisha muda huo hujirudufu kwa sifa zinazofuata, hadi mtu anasubiri wiki kadhaa kwa sifa moja. Hapa hekima ni kuanzisha utafiti tangu siku ya kwanza, hata kama huna nia ya ufundi kwa sasa, kwa kuwa siku zilizopita bila utafiti haziwezi kununuliwa kwa juhudi.

Albion Online ya mwaka 2017 imechanganya mambo hayo kwa namna ya kuvutia. Mwenye akaunti ya kulipia hupata pointi 10,000 za umakini kila siku na hawezi kulimbikiza zaidi ya 30,000, na anayezitumia wakati wa kutengeneza hurudishiwa sehemu kubwa zaidi ya malighafi. Kadiri unavyobobea katika kifaa fulani ndivyo kifaa hicho kinavyokula umakini kidogo. Hakuna anayekuzuia kutengeneza pinde, kofia na mikate kwa pamoja. Ni kwamba jirani yako aliyeshikilia kofia peke yake atatengeneza kofia nyingi zaidi kwa umakini uleule, na bei yake sokoni itakushinda.

Final Fantasy XIV iko upande wa pili wa mizani. Mhusika mmoja anaweza kuzifikisha kileleni fani zote nane za utengenezaji pamoja na tatu za ukusanyaji, na kikomo kimebaki kwenye hadhi ya ubingwa iliyoletwa na toleo la Heavensward mwaka 2015, ambayo mtu huishika katika fani zisizozidi tatu. Kwa kuwa kila mwenye subira anaweza kujitengenezea kila kitu, faida huwa kwa anayewahi: saa za kwanza baada ya toleo jipya ndizo zenye faida nono, na baada ya hapo bei huporomoka upesi.

Ukishajua namna ya kizuizi, jiulize kinamfunga nani. Kikiwa cha mhusika, unaweza kuunda mhusika mwingine. Kikiwa cha akaunti, wahusika kumi hawatakusaidia chochote. Katika Guild Wars 2, kwa mfano, baadhi ya malighafi za vifaa vya daraja la juu hutengenezwa mara moja tu kwa siku kwa akaunti nzima, na waliojaza wahusika wakidhani watazidisha uzalishaji waliambulia patupu.

Soma soko kabla ya kumwendea mwalimu

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba kifaa kilichokamilika lazima kiwe na thamani kuliko vipande vilivyokitengeneza. Katika gemu nyingi zenye kikomo cha fani, vifaa vya viwango vya chini na vya kati huuzwa kwa hasara karibu wakati wote, na sababu yake haina siri: ili kupandisha kiwango, kila mwanafunzi wa uhunzi hulazimika kutengeneza mikanda na viatu kwa makumi, kisha huvimwaga sokoni ili arudishe chochote. Anayenunua malighafi kwa bei kamili akitarajia faida anashindana na watu ambao wamekwisha kulipwa kwa kiwango walichopanda.

Fanya hesabu mwenyewe kabla ya kujifunza. Tuseme deraya inahitaji vipande 12 vya chuma, kila kipande sarafu 40, hivyo gharama ni 480. Deraya hiyo inauzwa 500 katika mnada, na mchezaji anaona faida ya 20. Lakini soko la mnada linakata asilimia 5, kama lilivyo la World of Warcraft, yaani sarafu 25. Mkononi zinabaki 475, na kila deraya inayouzwa inamwondolea fundi sarafu 5. Akichimba chuma mwenyewe, zile 475 zote si faida ya ufuaji, kwa kuwa chuma kile kingeuzika 480 bila kufuliwa, na hata baada ya makato yake kingemwachia 456, ambazo ukizitoa kwenye 475 utaona kwamba ufuaji wenyewe umemwingizia sarafu 19 tu kwa kazi yote ya kukusanya resipi na kupandisha kiwango. Wanaosema malighafi walizozikusanya wenyewe ni za bure wanajidanganya.

Rudia hesabu hiyo kwa vifaa vitano au sita vya fani unayoifikiria, na uifanye katikati ya wiki na mwishoni mwa wiki, kwa kuwa wachezaji wanapokuwa wengi malighafi hufurika na bei hubadilika. Tazama pia majina ya wauzaji, pale gemu inapoyaonyesha. Kifaa chenye bei nzuri kinachouzwa na mtu yuleyule kila siku huashiria kwamba resipi yake ni ngumu kuipata au kwamba mtu huyo amelishika soko kwa mtaji mkubwa, na hali hizo mbili zinataka mikakati tofauti. Ya kwanza unaweza kuivunja kwa kuitafuta resipi; ya pili ni afadhali uiache.

Unachotafuta ni mahali ambapo mpaka unauma. Palipo na muda wa kusubiri kati ya uundaji mmoja na mwingine, palipo na resipi inayodondoka kwa nadra kutoka kwa adui mmoja, au palipo na ubobezi ambao wengi waliukwepa kwa sababu ulidharauliwa wakati huo, ndipo ufundi unapolipa. Fani inayosifiwa na kila mtu kuwa ina faida tayari imejaa watu.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni ukusanyaji maradufu pale gemu inapouruhusu, yaani madini na ngozi, au madini na mitishamba, mpaka mhusika afike viwango vya juu. Malighafi zina wanunuzi wa fani zote, hazihitaji mtaji, na zinakupa muda wa kulisoma soko. Ubaya wake ni kwamba utaanza fani ya utengenezaji ukiwa umechelewa, lakini utaianza ukiwa na fedha.

Pale ufundi unapoingizwa vitani

Mipaka huwa migumu zaidi pale kifaa kinapokuwa na manufaa kwa fundi peke yake. Katika The Burning Crusade, toleo la World of Warcraft la mwaka 2007, mafundi wa ngozi walitengeneza ngoma zilizowaongezea nguvu wanakundi, na aliyezipiga alipaswa kuwa fundi wa ngozi mwenye kiwango cha 350. Katika makundi ya mashindano makali uchaguzi wa fani ukawa si wa hiari tena: viongozi walidai watu wajifunze kazi ya ngozi ili ngoma zipigwe kwa zamu. Toleo hilo liliporudishwa mwaka 2021 kama sehemu ya mfululizo wa Classic, watengenezaji waliweka alama inayomzuia mhusika kufaidika na ngoma nyingine papo hapo, ili kupunguza shinikizo hilo. Katika Wrath of the Lich King ya mwaka 2008 kila fani ilikuwa na nyongeza yake ya vita, na iliwabidi watengenezaji waendelee kuzisawazisha mpaka walipoziondoa mwaka 2014.

Kwa hiyo, kabla ya kujiunga na kundi la mapambano mazito, uliza wazi kama lina masharti ya fani. Kama masharti yapo na wewe unapenda ufundi mwingine, suluhisho la kawaida ni kumwachia mhusika wako mkuu fani ya vita na kumpa mhusika wa ziada fani ya biashara. Kama unacheza kwa starehe, puuza majedwali ya nyongeza. Tofauti zake huonekana kwa wanaohesabu sekunde, na wewe si mmoja wao.

Wahusika wa ziada na mzigo wake

Wahusika wa ziada ndiyo njia maarufu ya kuuzunguka mpaka wa idadi. Wanne wenye fani mbili kila mmoja hukupa fani nane, na methali ya mshika mbili inaonekana kupoteza makali. Ila kila mmoja wao anahitaji kupandishwa kiwango, kutafutiwa resipi na, katika gemu za kisasa, kutembelewa kila wiki ili achukue pointi zake za kuiendeleza fani. Wengi hujikuta wanaingia kwenye gemu kufanya mzunguko wa kazi za wahusika wao wa ziada, na muda wa kucheza unaisha kabla ya kucheza.

Mpango unaofaa ni kuwapa wahusika hao fani zinazolipa kwa ziara fupi. Alkemia ya World of Warcraft ni mfano wa zamani: ugeuzaji wa madini kuwa ya daraja la juu ulikuwa na muda mrefu wa kusubiri, hivyo mhusika wa ziada aliyekaa mjini aliweza kufanya kazi moja na kuzimwa. Fani zinazodai kuzunguka porini mpe mhusika unayemchezesha kila siku, kwa kuwa yeye tayari yuko porini.

Kugawana fani katika chama

Chama chenye watu kumi kinachojigawia fani vizuri kina nguvu kuliko mtu mwenye wahusika kumi, kwa sababu kila fundi anaiendeleza fani yake kwa umakini wake wote. Anzeni kwa kuandika nani ana fani gani na resipi zipi za nadra, mahali ambapo wote wanapaona. Hakikisheni kila fani ya lazima ina watu wawili, kwa kuwa fundi pekee wa deraya akipata mitihani au mtoto mchanga, chama kizima kinasimama. Resipi ya nadra iliyopatikana kwa nguvu za wote apewe anayeingia mara nyingi, hata kama si mkongwe.

Swali la malipo lijibiwe mapema na kwa maneno. Utaratibu unaodumu ni kwamba mwanachama analeta malighafi, fundi hatozi kazi, na chama kinachangia gharama za kuipandisha fani ile. Ukiacha jambo hili lielee, fundi ataanza kuona anatumikishwa, na siku moja atakuwa hajibu ujumbe.

Matawi ya pointi

Toleo la Dragonflight la Novemba 2022 lilibadili sura ya mpaka katika World of Warcraft. Kila fani ilipewa matawi ya ubobezi yanayofunguliwa kwa pointi za maarifa, na nyingi za pointi hizo hupatikana kwa kiasi kidogo kila wiki. Vifaa vikawa na madaraja matano ya ubora, na mteja akaweza kutuma oda kwa fundi anayemtaka huku akitaja daraja la chini atakalolikubali. Wahunzi wawili wenye kiwango kilekile sasa hawalingani hata kidogo: mmoja anaweza kukupa upanga wa daraja la tano na kushindwa kabisa na ngao.

Katika mfumo wa namna hiyo, fuata tawi moja mpaka mwisho kabla ya kugusa la pili. Pointi 60 zilizosambazwa katika matawi manne zinakupa vifaa vingi vya daraja la tatu ambavyo hakuna anayevihitaji, ilhali zilezile zikikusanywa pamoja huweza kukupa kifaa kimoja ambacho watu watakutafuta kwa jina. Chagua tawi kwa kuangalia kifaa kinachohitajika na aina nyingi za wapiganaji, na usibonyeze pointi yoyote mpaka uwe umeusoma mti wote, kwa kuwa katika mifumo mingi ya aina hii uamuzi haurudi nyuma.

Kabla ya kuiacha fani

Inapofika siku ya kubadili, usifanye hivyo kwa hasira ya wiki moja mbaya sokoni. Subiri maelezo ya toleo linalokuja, kwa kuwa fani iliyodorora huweza kufufuliwa na resipi moja mpya. Orodhesha resipi zako zisizopatikana tena, maana hizo hazitarudi hata ukijifunza upya. Tengeneza akiba ya vifaa unavyotumia mwenyewe, uza malighafi ambazo fani mpya haizihitaji, na ununue za fani mpya kabla ya kubonyeza kitufe cha kuacha, ili ukibonyeza uweze kupanda viwango siku hiyohiyo. Kisha angalia vifaa ulivyovaa: kama kuna kinachodai fani ile ili kitumike, tafuta mbadala wake kwanza.